Mwenye duka aliyefilisika akaingia bungeni

Na Mwandishi Wetu

MZIGO ulikuwa umekwama. Ilikuwa Aprili 1831 katika Mto Sangamon, jimbo la Illinois nchini Marekani. Mashua bapa ya mbao iliyobeba mapipa ya nyama ya nguruwe, mahindi na nguruwe hai ilikuwa imepanda juu ya ukuta wa bwawa la kinu cha kusagia nafaka, mbele ikining'inia hewani na nyuma ikijaa maji. Wakazi wa kijiji cha New Salem walitoka kutazama, kama watu wanavyotoka kutazama lori lililolala barabarani.

Kijana mmoja mrefu wa miaka 22, aliyeajiriwa kuisafirisha mashua hiyo, aliwaongoza wenzake kushusha sehemu ya mzigo. Kisha akaazima keekee kijijini na kutoboa tundu sehemu ya mbele. Maji yaliyojaa nyuma yakakimbilia mbele na kumwagika nje. Akaliziba tundu, mashua ikateleza na kuvuka bwawa. Mwenye mzigo, Denton Offutt, alipendezwa sana na kazi hiyo, akaahidi kufungua duka pale pale kijijini na kumweka kijana huyo kuwa muuzaji.

Kijana huyo aliitwa Abraham Lincoln. Dunia inamjua kama rais wa 16 wa Marekani, aliyeongoza nchi yake wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomesha utumwa. Makala haya hayamhusu rais huyo. Yanamhusu mtu aliyekuwepo kabla yake: mwenye duka aliyefilisika, akawa mbunge kutoka kijiji ambacho hata kilipokuwa kikubwa kuliko wakati wowote kilikuwa na familia kama 25 tu.

Kwa miaka minane, kuanzia 1834, Lincoln alikaa katika Bunge la Jimbo la Illinois. Huko hakushughulika na mambo makubwa ya dunia. Alishughulika na jambo analolijua vizuri kila mfanyabiashara wa Namanga, Busia au Mutukula: mzigo upite njia gani, na gharama ya njia hiyo ailipe nani.

Ieleweke kwanza kwamba nchini Marekani kila jimbo lina gavana wake, bajeti yake na bunge lake, mbali na lile la taifa lililoko Washington. Bunge la jimbo ndilo hupanga barabara, madaraja, kodi ya ardhi na leseni za benki. Illinois ya miaka ya 1830 ilikuwa changa, iliyojiunga na Marekani mwaka 1818, na wabunge wake walikuwa wakulima, mawakili na wenye maduka waliokutana kwa wiki kadhaa wakati wa baridi kisha wakarudi kwenye shughuli zao.

Mtaji wa mikono miwili

Lincoln alizaliwa Februari 12, 1809, katika nyumba ya magogo jimboni Kentucky. Familia ilihamia Indiana mwaka 1816, na miaka miwili baadaye mama yake akafariki dunia. Mwenyewe alikuja kueleza kwamba siku zote alizokaa darasani, zikijumlishwa, hazifiki mwaka mmoja. Kilichobaki alijifunza kwa vitabu vya kuazima.

Biashara ya masafa marefu aliianza akiwa na miaka 19. Mwaka 1828 alishuka Mito ya Ohio na Mississippi hadi New Orleans kwa mashua iliyobeba mazao ya shambani, safari ya zaidi ya kilomita 1,500, kwa ujira wa dola 8 kwa mwezi. Wakiwa njiani walivamiwa usiku na watu saba waliotaka kuwapora. Yeye na mwenzake walipigana nao, wakakata kamba na kuondoka.

Safari ya pili ndiyo iliyokwama New Salem. Miaka mingi baadaye, akiwa tayari wakili mwenye jina, aliandika katika barua kwamba alikuwa kijana asiye na rafiki, elimu wala fedha, anayefanya kazi ya mashua kwa dola 10 kwa mwezi.

Ahadi ya mto

Machi 1832, kabla hajatimiza hata mwaka kijijini, alitangaza kugombea ubunge. Tangazo lake lilichapishwa katika gazeti la Springfield, na sehemu kubwa ya maneno yake ilihusu usafirishaji. Alisema reli ndiyo njia bora kuliko zote, haizuiliwi na kiangazi wala barafu. Lakini reli iliyokuwa ikizungumzwa, ya kutoka Mto Illinois hadi Springfield, ilikadiriwa kugharimu dola 290,000, na hesabu hiyo, alisema, inatisha. Kwa hiyo akapendekeza njia ya bei nafuu: Mto Sangamon usafishwe, kona zake zinyooshwe na magogo yaondolewe ili meli zipite.

Alizungumzia pia riba. Wakopeshaji wa wakati huo walitoza walivyotaka, naye akataka sheria iweke kikomo. Kuhusu elimu, alisema ndilo jambo kubwa kuliko yote ambayo umma unaweza kulishughulikia. Alimaliza kwa kusema kuwa wananchi wakiona vyema kumwacha, hataumia sana kwani amezoea kukosa.

Wiki hizo hizo mto ulipata nafasi ya kujaribiwa. Meli ndogo ya mvuke iitwayo Talisman ilipanda Sangamon hadi karibu na Springfield. Wenye maduka walitangaza bidhaa mpya zinazokuja kwa meli, na watu wakaona neema imefika. Lincoln alikuwa miongoni mwa waliotangulia na shoka kukata matawi yaliyoziba njia.

Furaha haikudumu. Maji yalianza kupungua, na meli ikalazimika kurudi ilikotoka haraka kabla haijakwama. Mto ulikuwa mwembamba kiasi kwamba meli haikuweza kugeuka, ikarudi kinyumenyume. Lincoln na mwenzake waliajiriwa kuiongoza, kila mmoja kwa dola 40. Ilipofika New Salem, ilibidi sehemu ya bwawa ibomolewe ndipo ipite. Mto ulioahidiwa kuleta biashara ulikuwa umetoa jibu lake.

Uchaguzi ulifanyika Agosti. Katikati ya kampeni Lincoln alikuwa ameondoka kwa karibu miezi mitatu kujiunga na wanamgambo katika vita dhidi ya watu wa chifu Black Hawk, ambako wenzake walimchagua kuwa kapteni wao. Hakupigana vita vyovyote. Aliporudi, siku za kampeni zilikuwa zimebaki chache. Kati ya wagombea 13 waliowania viti vinne alishika nafasi ya nane. Hata hivyo, katika kituo cha New Salem alipata kura 277 kati ya 300. Waliomfahamu walimpa kura. Tatizo lilikuwa kwamba kaunti nzima haikumfahamu.

Duka lililozimika

Duka la Offutt lilikuwa limeshakufa wakati huo. Lincoln na mwenzake William Berry wakaingia wenyewe kwenye biashara. Walinunua duka na bidhaa zake kwa mali kauli, wakiandika hati za ahadi ya kulipa badala ya kutoa fedha. Kisha wakanunua nyingine kwa njia hiyo hiyo.

Kila msomaji aliyewahi kuuza rejareja ataona kasoro mapema. Kijiji kilikuwa kidogo, maduka yalikuwa zaidi ya moja, wateja walikopa, na njia ya kufikisha bidhaa ilikuwa mbovu. Berry alisifika kwa kupenda pombe na Lincoln kwa kupenda vitabu. Duka, kwa maneno yake mwenyewe, likazimika.

Berry alifariki dunia Januari 1835, na deni lote likamwangukia mshirika aliyebaki. Lilikuwa takriban dola 1,100, fedha nyingi sana kwa mtu aliyekuwa akipata dola chache kwa mwezi. Kwa utani wa uchungu aliliita "deni la taifa". Mdai mmoja alikwenda mahakamani, na farasi wake, tandiko na vifaa vyake vya kupimia ardhi vikapigwa mnada. Rafiki yake mkulima, James Short, alivinunua kwa dola 120 na kumrudishia ili aendelee kupata riziki.

Katika maeneo hayo ya mpakani mwa makazi mapya, waliofilisika wengi walikuwa wakifunga virago usiku na kuhamia magharibi zaidi, ambako wadai hawakuwafikia. Lincoln alibaki. Alizungumza na wadai wake mmoja mmoja na kuanza kulipa kidogo kidogo. William Herndon, aliyekuja kuwa mwenzake katika uwakili, alieleza kwamba hata mwaka 1848, Lincoln akiwa mbunge wa taifa, alikuwa bado anatuma fedha kutoka kwenye mshahara wake kupunguza deni hilo. Dawa ya deni ni kulipa, naye aliinywa dawa hiyo kwa takriban miaka 15.

Posta, dira na kura

Kazi mbili ndogo zilimwokoa, na ndizo zilizomjengea kura. Mei 1833 aliteuliwa kuwa msimamizi wa posta ya New Salem. Siku hizo mpokeaji ndiye aliyelipia barua, kulingana na umbali ilikotoka na idadi ya karatasi. Posta yenyewe haikuwa na kazi nyingi, na mara kwa mara Lincoln alitia barua ndani ya kofia yake na kuzipeleka mashambani mwenyewe. Magazeti ya watu aliyasoma kwanza kabla ya kuyafikisha.

Mwishoni mwa mwaka huo akawa msaidizi wa mpima ardhi wa kaunti. Hakuijua kazi hiyo. Alikopa ili apate farasi na dira, akasoma vitabu vya hesabu usiku na mchana, akaanza kupima mashamba, barabara na viwanja vya miji mipya. Mkuu wake katika kazi hiyo alikuwa wa chama pinzani, lakini alimwajiri kwa sababu alihitaji mtu mwaminifu.

Posta ilimpeleka milangoni mwa watu. Upimaji ukampeleka kwenye mipaka yao, mahali ambapo majirani hugombana. Agosti 1834 aligombea tena. Safari hii alipata kura 1,376 na kushika nafasi ya pili kati ya wagombea 13, akapata kiti.

Mbunge mteule hakuwa na nguo za kuvaa bungeni. Alikwenda kwa mkulima mmoja mwenye uwezo, Coleman Smoot, akakopa dola 200, na dola 60 kati ya hizo akashonea suti. Kisha akapanda gari la farasi la abiria kwenda Vandalia, uliokuwa mji mkuu wa jimbo, safari ya siku mbili kwenye barabara za matope.

Kazi za mbunge mgeni

Posho ilikuwa dola 3 kwa siku. Kwa Lincoln, aliyekuwa bado na wadai mlangoni, hiyo haikuwa fedha ndogo. Aliwekwa katika Kamati ya Hesabu na Matumizi ya Serikali, akapata nafasi ya kuona fedha za jimbo zinavyoingia na kutoka.

Miswada yake ya mwanzo ilikuwa ya nyumbani. Mmoja ulimruhusu mwananchi kujenga daraja la kulipia katika kijito cha Salt Creek. Bunge wakati huo lilitumia muda mwingi kwa mambo ya aina hiyo: barabara hii ipite wapi, kivuko kile apewe nani. Ni mambo ambayo hayamfanyi mtu aandikwe kwenye vitabu, lakini mkulima mwenye gunia la mahindi upande wa pili wa kijito huyajua.

Wakati wa mapumziko alisoma sheria kwa vitabu alivyoazimwa na mbunge mwenzake, John Todd Stuart. Septemba 1836 akapata leseni ya uwakili.

Mwaka huo aligombea tena na kuongoza kwa kura katika kaunti yake. Kabla ya uchaguzi, Juni 1836, aliandika gazetini msimamo wake. Alisema wanaobeba mzigo wa serikali washiriki faida zake, hivyo wote wanaolipa kodi au kubeba silaha wapige kura, bila kuwatenga wanawake. Kuhusu wanawake alikuwa mbele ya wakati wake. Lakini aliandika wazi kwamba anazungumzia wazungu tu. Watu weusi wa Illinois hawakuwamo katika hesabu hiyo.

Katika barua hiyo hiyo alitaka fedha zinazotokana na mauzo ya ardhi ya serikali ya taifa zigawiwe majimbo, ili Illinois ichimbe mifereji na kujenga reli bila kukopa na kulipa riba. Msomaji aikumbuke ahadi hiyo. Baada ya miezi minane ilikuwa imesahaulika.

Mkopo wa dola milioni 10

Februari 27, 1837, Bunge la Illinois lilipitisha sheria ya ujenzi wa miundombinu ya jimbo zima. Zilipangwa reli za kulikata jimbo kutoka kaskazini hadi kusini na kutoka mashariki hadi magharibi, mito isafishwe, na kaunti zisizopata reli wala mto zigawane dola 200,000 kama kifuta jasho. Gharama ilizidi dola milioni 10, na fedha hizo zingepatikana kwa kuuza hatifungani, yaani kwa kukopa. Illinois wakati huo haikuwa na watu nusu milioni. Sensa ya mwaka 1840 ilihesabu watu 476,183.

Lincoln aliiunga mkono sheria hiyo kwa nguvu zake zote. Alimwambia rafiki yake Joshua Speed kwamba ndoto yake ni kuwa DeWitt Clinton wa Illinois. Clinton alikuwa gavana wa New York aliyesimamia uchimbaji wa Mfereji wa Erie, uliokamilika mwaka 1825, ukashusha gharama za kusafirisha mizigo na kuujaza mji wa New York biashara. Kila jimbo lilitaka Erie yake.

Si vigumu kumwelewa. Mtu huyu alikwamisha mashua kwenye bwawa, aliona Talisman ikirudi kinyumenyume, na alipoteza duka mahali ambapo bidhaa zilifika kwa shida. Aliijua hasara ya njia mbovu kutoka mfukoni mwake.

Lakini sheria yenyewe ilikuwa imebeba ugonjwa. Iliagiza kazi ya reli ianze kwa wakati mmoja katika miji mikubwa na penye mito, iende pande zote mbili. Sababu ilikuwa ya kisiasa. Hakuna mbunge aliyekubali kwao kusubiri. Matokeo yake hapakuwa na kipande kilichokamilika mapema kikaanza kuingiza nauli ya kulipia riba. Gavana alionya, wabunge wakampuuza.

Siku iliyofuata, Februari 28, Bunge lilipiga kura kuhamisha mji mkuu kutoka Vandalia. Kaunti ya Sangamon, aliyotoka Lincoln, ilikuwa na wabunge saba na maseneta wawili, wote warefu, wakaitwa "Warefu Tisa". Katika mzunguko wa nne mji wao wa Springfield ulishinda, kwa sharti la kuchangia dola 50,000 za ujenzi. Wapinzani walidai kwamba Warefu Tisa waliuza kura zao za reli na mifereji ili kununua kura za mji mkuu. Wanahistoria hadi leo hawajakubaliana kama biashara hiyo ilifanyika kweli.

Kabla kikao hakijafungwa, Lincoln alifanya jambo ambalo halikumletea kura hata moja. Bunge lilikuwa limepitisha maazimio ya kulaani vyama vya kupinga utumwa, kwa kura 77 dhidi ya 6. Machi 3, yeye na mbunge mwenzake Dan Stone waliwasilisha pingamizi lao kwa maandishi. Walisema utumwa umejengwa juu ya dhuluma na sera mbaya, ingawa waliwakosoa pia wanaharakati na kusema Bunge la taifa halina mamlaka ya kuuingilia ndani ya majimbo. Yalikuwa maneno ya tahadhari. Hata hivyo, kati ya wabunge wote ni wawili tu walioyatia saini.

Dola 17 za kitanda

Aprili 15, 1837, Lincoln aliingia Springfield kwa farasi wa kuazima, mali yake yote ikiwa ndani ya mifuko miwili ya tandiko. Alikwenda dukani kwa Joshua Speed kuuliza bei ya godoro, shuka na mto. Speed alipiga hesabu, ikaja dola 17. Lincoln akasema bei ni nzuri lakini fedha hana. Aliomba akopeshwe hadi Krismasi, akaongeza kwamba uwakili ukimshinda huenda asiweze kulipa kabisa.

Speed alikumbuka baadaye kwamba hakuwahi kuona uso wenye huzuni kama ule. Badala ya kumkopesha, alimkaribisha walale pamoja chumba cha juu ya duka. Lincoln alipanda na mifuko yake, akashuka anatabasamu na kusema amekwishahamia. Huyo ndiye mbunge aliyekuwa ameshiriki kulikopesha jimbo lake zaidi ya dola milioni 10.

Hesabu zinapogoma

Mei 1837, wiki chache tu baadaye, benki za New York ziliacha kubadilisha noti kwa dhahabu na fedha. Mdororo ukaenea nchi nzima. Bei za ardhi zilianguka, wanunuzi wa hatifungani wakapungua, na Illinois ikabaki na mashimo yaliyochimbwa nusu kutoka pembe moja ya jimbo hadi nyingine.

Hapa Lincoln alikosea kwa muda mrefu. Wengine walipotaka kazi isimamishwe, alisema jimbo limekwenda mbali mno kurudi nyuma. Mwaka 1839 alipendekeza jimbo linunue ardhi ya serikali ya taifa, takriban ekari milioni 20, kwa senti 25 kwa ekari na kuiuza kwa dola 1.25. Washington haikukubali. Mwishoni mwa 1840 akapendekeza zitolewe hatifungani nyingine za kulipia riba ya zile za kwanza. Mfanyabiashara aliyewahi kuchukua mkopo wa pili ili alipe rejesho la kwanza anajua mwisho wa njia hiyo.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulikwepa, nalo ni kodi. Kabla ya 1839 ardhi ya Illinois ilitozwa kwa madaraja matatu yasiyozingatia thamani halisi, hivyo mwenye shamba bora alinufaika. Sheria mpya ilitoza kulingana na thamani. Lincoln aliiunga mkono, na katika barua ya Machi 1839 akaeleza sababu bila kuficha: sheria hiyo inaongeza mzigo kwa matajiri wachache, si kwa maskini wengi, na hao wachache wakichukia hawana kura za kutosha kuuamua uchaguzi. Ni jibu la haki na la hesabu za kisiasa kwa pamoja.

Tukio analodhihakiwa nalo zaidi lilitokea Desemba 5, 1840. Chama chake, Whig, kilitaka kuzuia kikao maalumu kisifungwe, kwa sababu kikifungwa Benki ya Jimbo italazimika kulipa noti zake kwa dhahabu na fedha na huenda ikafa. Wabunge wa Whig walitoka ili akidi isitimie. Lincoln na wenzake wachache walibaki kuangalia mambo. Walipogundua akidi imetimia na mlango umefungwa, waliruka dirishani.

Haikusaidia, kwani walikuwa wameshahesabiwa. Magazeti ya wapinzani yaliandika kwamba mheshimiwa hakuumia kwa sababu miguu yake ilikaribia kufika chini kabla hajaruka. Lincoln hakupenda kukumbushwa siku hiyo.

Kilichobaki

Alikuwa ameshinda muhula wa nne mwaka huo, lakini kwa kura chache kuliko wenzake wote waliochaguliwa kaunti ya Sangamon. Mwaka 1842 hakugombea tena. Jimbo lilikuwa limeacha kulipa riba tangu 1841, Benki ya Jimbo ilianguka, na deni lilikaribia dola milioni 15. Katika mpango mzima wa reli, kipande kilichofika popote ni cha Meredosia hadi Springfield, kilichokamilika mwaka 1842. Miaka mitano baadaye kikauzwa kwa dola 21,100.

Wananchi walijifunza kwa gharama. Katiba mpya ya jimbo ya mwaka 1848 iliizuia serikali kukopa zaidi ya dola 50,000 kufidia upungufu bila ridhaa ya wapiga kura. Deni la zamani lilimalizika kulipwa mwanzoni mwa miaka ya 1880, Lincoln akiwa kaburini zaidi ya miaka 15.

Hata hivyo, si kila kitu kilipotea. Mfereji wa Illinois na Michigan, ulioanza kuchimbwa mwaka 1836 na ambao Lincoln aliuunga mkono muda wote, ulifunguliwa mwaka 1848 na kuiunganisha Chicago na Mto Illinois, na kupitia huo Mississippi. Mwaka 1840 Chicago ilikuwa na watu 4,470. Mwaka 1850 walikuwa 29,963. Na mwaka 1862, akiwa rais katikati ya vita, Lincoln alitia saini sheria ya kujenga reli ya kufika pwani ya Pasifiki. Ndoto hakuiacha.

New Salem yenyewe ilikufa. Meli hazikuja, posta ikahamishiwa Petersburg, mji jirani ambao Lincoln mwenyewe aliupima viwanja, na kufikia 1840 kijiji kilikuwa kimehamwa. Nyumba nyingi zinazoonekana leo zilijengwa upya baadaye kwa ajili ya wageni. Mojawapo ni duka la Berry na Lincoln.

Msomaji wetu ana wawakilishi wengi: diwani, mbunge, na wajumbe tisa wa kila nchi katika Bunge la Afrika Mashariki, Arusha. Wengi wao watakuja na ahadi ya barabara, na wengine watakuwa wakweli kama Lincoln alivyokuwa mkweli mwaka 1836. Ukweli wa nia hautoshi. Kuna maswali matatu ya kumuuliza kila mmoja. Njia hii itajengwa kwa fedha gani? Mapato yasipofika, riba atalipa nani? Na hesabu zikigoma, wewe utakuwa wapi?

Lincoln alishindwa kujibu maswali mawili ya kwanza, na jimbo zima likaumia. La tatu alilijibu. Wadai wake binafsi walijua anakaa wapi, na wapiga kura wake pia.